Ukitaka ndugu yako achangie uloto wakati mji una hofu ya ugonjwa, anza hivi

Hii naiandika kwa familia za hapa Tanga zenye mtoto wa sikoseli au mgonjwa wa saratani ya damu ambaye daktari keshataja habari za upandikizaji wa uloto, na naiandika pia kwa ndugu zetu walioko Uingereza, Marekani na kwengine huko, mana wao wana kazi yao kwenye jambo hili na wengi hawajawahi kuambiwa. Kumwomba mtu uloto siku za kawaida tu ni kazi, sasa ukute kuna mlipuko, watu wako na barakoa, kila anayekohoa kwenye daladala anageukiwa, hospitali yenyewe inaonekana ndo mahali pa kuuchukua ugonjwa, hapo hata yule aliyekuwa keshakubali anaanza kuzima simu. Mi nasema watu wetu hawana roho ngumu. Wanakuwa wagumu wakiombwa ghafla, mbele ya kadamnasi, na maswali yao yakipitwa juujuu.

Kwanza ujue wewe mwenyewe unaomba nini

Usiende kwa mtu hujui kitu. Uloto ni ule ute laini ulio ndani ya mifupa, damu inatengenezwa humo, na humo ndo kuna seli shina zinazozaa chembe nyekundu, chembe nyeupe na chembe sahani, zile za kugandisha damu. Mgonjwa anapewa dawa kali za kemo siku kadhaa ili uloto wake mbovu ufe, alafu anawekewa seli za mtu mwingine kwa dripu, anavyoongezewa damu ndo hivyo hivyo, yeye hapasuliwi popote.

Mtoaji ana njia mbili. Moja, anachomwa sindano chini ya ngozi kila siku kwa siku 4 au 5, hiyo dawa inazisukuma seli shina zitoke kwenye mifupa ziingie kwenye damu, kisha anakaa kwenye kiti damu inatoka mkono mmoja inapita kwenye mashine inachuja seli na inayobaki inarudi mwilini kwa mkono wa pili, kazi ya saa 4 mpaka 6, saa nyingine anarudi tena kesho yake. Njia ya pili analazwa usingizi theatre, daktari anavuta uloto kwa sindano kwenye mfupa wa nyonga kwa nyuma. Hakuna kuchanwa na hakuna mfupa unaokatwa. Kwa watoto wa sikoseli madaktari wengi wanapenda hii ya pili.

Sasa sikiliza hapa, mana hapa ndo watu wengi wanapokimbia: hakuna anayegusa uti wa mgongo. Nimeshasikia mtu mzima anasema mdogo wake "atapooza wakimtoa uti", na familia nzima ikaamini. Ni nyonga, chini kabisa nyuma, pale unapofungia mkanda. Na kinachochukuliwa ni kidogo, hata asilimia 5 ya uloto wa mtu haifiki, na ndani ya wiki 4 hadi 6 mwili unakuwa umeshaurudisha, ni kama matembele ya uani, unachuma leo na baada ya muda yamechipua tena.

Lakini usimdanganye kwamba hatasikia kitu. Wa sindano ataumwa mifupa, kichwa na uchovu zile siku za dawa, kisha yanaisha siku mbili tatu baada ya kutoa. Wa nyonga atakuwa na maumivu ya mgongo wa chini kwa siku kadhaa, wengine wiki au zaidi, ataenda taratibu. Madhara makubwa ni nadra ila yapo, usingizi wa theatre una hatari zake na aambiwe na daktari mwenyewe. Mtu akiambiwa ukweli tangu mwanzo anavumilia, akija kuugundua kitandani anakuona ulimuuza.

Nani apimwe

Kundi la damu sio kigezo hapa. Kuna watu wanajitoa mapema "mimi ni B yeye ni O haiwezekani", si kweli, hata mwanaume na mwanamke wanaweza kupeana. Kinachoangaliwa ni HLA, alama zilizo juu ya seli ambazo mtu anarithi nusu kwa baba na nusu kwa mama. Kwa hiyo kila ndugu wa baba mmoja mama mmoja ana nafasi ya asilimia 25 ya kulingana kabisa na mgonjwa. Mtoto mwenye ndugu watatu wa namna hiyo, uwezekano wa kumpata angalau mmoja unakaribia asilimia 58. Ndugu wa baba mmoja na mama mbalimbali kwa kawaida hulingana nusu tu au hawalingani kabisa, na kwenye familia zetu za wake wawili watatu hili lielezwe mapema asije mtu akaonekana amekataa kumbe vipimo ndo vimesema. Baba na mama wenyewe ni nusu, na kuna hospitali duniani zinapandikiza hata kwa nusu, hilo ni la kumuuliza daktari wenu.

Mwenye AS, yaani kabeba kinasaba cha sikoseli ila haumwi, anaruhusiwa kumchangia ndugu yake. Hili nalirudia kila ninapopata nafasi kwa sababu kwenye familia zenye sikoseli wazima wengi ni AS, wakijitoa wote basi hamna mtu.

Kuna jambo la faragha ambalo sitaki kuliruka. Vipimo hivi vinaweza kuonyesha kwamba mtoto si wa baba anayejulikana. Kabla ya kupeleka ukoo mzima maabara, mama azungumze na daktari peke yake, aombe kila mtu apewe majibu yake mwenyewe kwa siri. Nyumba isivunjike wakati mnatafuta kumtibu mtoto.

Na lingine ambalo hatuambiwi: kama kuna mpango wa upandikizaji, ndugu wa damu wasimwongezee mgonjwa damu yao moja kwa moja, mana mwili wake unaweza kujifunza kuzipiga vita seli za ukoo na baadae ukaukataa uloto wao. Ndugu wachangie benki ya damu, hilo halina shida, ila anayetundikiwa apewe ya mtu baki. Mwambie daktari waziwazi kwamba tunategemea upandikizaji.

Namna ya kuongea nae

Usimwombe mtu kwenye msiba, usimwombe kwenye kikao cha ukoo kabla hujaongea nae pembeni, na usitume kwenye grupu la familia "anatakiwa mtu wa kujitolea". Kwenye kikao mtu anakubali kwa sababu baba mkubwa anamwangalia. Ndiyo ya namna hiyo ni ya hatari kuliko hapana. Watafiti wa Marekani waliofuatilia watu waliojisajili kuchangia waliona kwamba wale waliokubali nusunusu, moyoni wana mashaka, ndo wanaopotea wakiitwa, na wachangiaji wa asili ya Afrika na makundi mengine ya wachache hupotea zaidi kuliko wazungu, sababu mojawapo ikiwa ni kutowaamini wahudumu wa afya. Wana sababu. Wamarekani weusi wanaukumbuka utafiti wa Tuskegee kule Alabama, 1932 hadi 1972, wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila matibabu ili waangaliwe tu ugonjwa unavyokwenda.

Na sisi pwani tuna yetu. Hadithi za mumiani, watu wanaokamata wenzao usiku na kuwanyonya damu ikatengenezewe dawa, zimetembea kwenye miji yetu hii tangu enzi za ukoloni, bibi zetu wametulalisha mapema kwa hizo. Kwa hiyo bibi akikuuliza "hiyo damu ya mjukuu wangu inayozungushwa kwenye mashine inapelekwa wapi?" usimcheke na usimwambie mambo ya kizamani. Mjibu. Mfuko unaandikwa jina au namba, unapelekwa kwa mgonjwa fulani, na mnaweza kumwomba muuguzi awaonyeshe. Mi naona swali la bibi ni la haki kabisa, tena ndilo daktari alitakiwa alijibu kabla hajaulizwa.

Sasa unaanzaje. Mfuate alipo, akiwa ametulia, baada ya alasiri kwa mfano, mtu keshakula. Kama ni mdogo wako wa mama mmoja unaweza kusema hivi: "Mdogo wangu, nimekuja kukwambia jambo na leo sitaki jibu. Daktari anasema mtoto wa dada anaweza kupona kwa uloto wa ndugu yake, na wanao ndo ndugu zake wa karibu... hapana, kwanza ndugu zake wa baba mmoja mama mmoja watapimwa, wakikosekana ndo watatuangalia sisi wengine. Nataka tu ujue mapema, uulize, na ukiona huwezi uniambie mimi, nitalimaliza mwenyewe." Ona hapo nimejikosoa katikati kwa makusudi, mtu asiogope kujikosoa akiongea, mpangilio wa nani anaanza kupimwa uwe sahihi mana wa kwanza ni wa baba mmoja mama mmoja.

Kama ni mkubwa kwako inabadilika, huendi na maelezo, unaenda na ombi. "Shikamoo baba mdogo." Akiitika marahaba unakaa, unauliza hali za nyumbani, alafu: "Nimekuja unishike mkono kwa jambo la mtoto. Sijui kulieleza vizuri, naomba tuende wote kwa daktari ukamuulize unayotaka." Wazee wetu wakishirikishwa hivyo wanakuwa walinzi wa jambo, wakirukwa wanakuwa ukuta.

Upande wa dini, msisubiri mtu aulize. Sheikh au padri aitwe mapema akae na daktari, amsikilize, ndipo aongee na familia. Uloto unarudi mwilini kama damu inavyorudi, hili lenyewe hujibu maswali mengi, na Waislamu wengi mtawasikia wakiitaja Al-Maida aya ya 32 kuhusu anayeiokoa nafsi moja. Ila aiseme yeye sheikh, wewe usiitumie kumbana mtu.

Jambo la msingi kuliko yote hapa: mpe mlango wa kutokea, na mwambie mlango unafungwa lini. Kabla mgonjwa hajaanza zile dawa kali, mtoaji anaweza kubadili mawazo siku yoyote na hakuna baya. Dawa zikishaanza uloto wa mgonjwa unakufa, na mtoaji akiondoka hapo katikati mgonjwa anaweza kufa. Hii aambiwe kwa sauti ya kawaida, mapema, mara zaidi ya moja. Na anayetoa awe na daktari wake wa kumshauri ambae sio yule wa mgonjwa, akisema hapana kwa huyo daktari basi familia inaambiwa tu hafai, sababu haitajwi. Muulizeni hospitali kama wanafanya hivyo, na kama hawafanyi ombeni wafanye.

Mlipuko ukiwepo

Tarehe 16 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa nchini, kesho yake shule zikafungwa, na wanafunzi wa sekondari ndo wamekuwa tegemeo kubwa la Damu Salama, ule mpango wa taifa wa kukusanya damu. Mgonjwa wa upandikizaji anahitaji damu na chembe sahani wiki nzima nzima, kwa hiyo kabla hujawaza uloto jiulize damu itatoka wapi kama shule zimefungwa. Panga watu wa mtaani, wa Makorora, Chumbageni, Duga, wa kijiwe cha bajaji, waende hospitali ya Bombo kwa zamu sio wote siku moja. Awe na miaka 18 hadi 65, kilo 50 kupanda, mwanaume kila baada ya miezi 3, mwanamke 4. Kuenda kwa zamu kunasaidia mambo mawili, hakuna msongamano, na damu haiishi yote muda wake kwa mkupuo.

Maswali ya mlipuko watu watakuuliza, uwe na majibu. Je korona inaambukizwa kwa kuongezewa damu au kupandikiziwa seli? Hakuna ushahidi kwamba iliwahi kutokea, hatari iko kwenye pumzi, kwenye foleni na wodi. Je aliyechanjwa anaweza kutoa? Anaweza, ataje tu tarehe ya chanjo. Je zile sindano za kusukuma seli shina zinashusha kinga? Zinaongeza chembe nyeupe kwa muda, ndo kazi yake.

Alafu kuna kujilinda. Wiki mbili kabla ya kutoa mtoaji asiende kwenye shughuli, asilale kwenye chumba cha watu wengi, kama familia ina chumba cha uani apewe yeye. Upandikizaji haupo Tanga, Muhimbili walianza 2021 na Benjamin Mkapa ya Dodoma wanapandikiza watoto wa sikoseli tangu 2023, maana yake kuna safari. Kwenda Dar ni kama kilometa 350, basi limejaa, madirisha yamefungwa. Asisafiri siku ya mwisho. Aende mapema apate mahali pa kutulia karibu na hospitali, apimwe akiwa kule kule, na huyo wa kumsindikiza awe mmoja, yule yule kwenda na kurudi. Kaeni dirishani, barakoa isivuliwe Segera wala Chalinze mkishuka kula.

Akipata homa asijitibu kimyakimya. Huku kwetu homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na mtu anaogopa akisema ataharibu mpango, ananunua dawa mseto dukani anakaa kimya. Hapana, apige simu hospitali saa ile ile. Kuahirisha wiki mbili kabla kemo haijaanza ni jambo dogo. Dawa za maumivu pia aulize kabla, nyingine huathiri kuganda kwa damu.

Na hapa kuna swali moja la kumuuliza daktari ambalo limeokoa watu: je seli zinaweza kuchukuliwa na kugandishwa kwanza, ndipo mgonjwa aanze dawa? Mwezi Machi 2020 NMDP, shirika la Marekani linalosimamia orodha ya wachangiaji, liliagiza hivyo, kwa sababu kabla ya hapo seli zilikuwa zinabebwa mbichi na mtu kwenye ndege ya abiria ndani ya kiboksi cha baridi, zinaishi siku 2 au 3 tu, na ghafla ndege zikasimama na watoaji wakaanza kupimwa wana korona. Zikishagandishwa, mtoaji akiugua kesho mgonjwa hajapata hasara. Kugandisha kuna gharama na sio kila mahali kunawezekana au kunafaa kwa kila ugonjwa, ila ukiuliza mapema unajua kama mna njia hiyo au lazima mumlinde mtoaji zaidi.

Ndugu walioko nje

Nyie mlioko huko naomba mnisikie. Dunia ina wachangiaji zaidi ya milioni 40 waliojisajili, lakini weusi kati yao ni wachache mno. Takwimu za NMDP zinasema mzungu wa Marekani ana asilimia 79 ya kumpata mchangiaji anayelingana nae kikamilifu, mweusi ana 29. Sababu sio uchache wa majina peke yake. Waafrika tuna mchanganyiko mkubwa wa HLA kuliko watu wa bara lolote, kwa hiyo Mdigo au Msambaa anaweza kuwa na mpangilio ambao hauko kabisa kwenye orodha ya wazungu, na ukiwepo utakuwa kwa mtu wa asili ya huku, pengine wewe unayefanya kazi Leicester au Minneapolis.

Kujisajili huko ni rahisi hata wakati wa mlipuko kwa sababu huendi popote. Unajaza fomu mtandaoni, unaletewa kijiti cha pamba kwa posta, unajisugulia ndani ya shavu, unarudisha kwenye bahasha. Uingereza kuna shirika la Anthony Nolan, lipo tangu 1974, wanapokea wa miaka 16 hadi 30, na kuna DKMS wanaopokea mpaka 55. Kuna pia ACLT, lilianzishwa 1996 na wazazi wa kijana mweusi aliyekuwa na saratani ya damu, wao wanaongea na jamii zetu haswa. Nauli na malazi ukiitwa kutoa hulipii wewe. Ukihama nyumba au kubadili namba waambie, mana mgonjwa anayelingana nawe anaweza kutokea baada ya miaka na wakikupigia kwenye laini ya zamani hakuna wa kupokea. Na kama moyo hauko tayari usijisajili leo kwa kusukumwa na posti ya mtu, uliza kwanza, soma, subiri. Jina lililoko kwenye orodha halafu linakataa simu linamkalisha mgonjwa akisubiri mtu ambae hayupo.

Akishatoa

Watu wote watakimbilia kwa mgonjwa na mtoaji atasahaulika kitandani. Mpangieni mtu wake, wa kumletea uji, wa kumshikia begi, wa kumlipia siku za kazi alizopoteza kama anaishi kwa kibarua. Hamumnunui, uloto hauuzwi, ila mvuvi wa Sahare aliyekaa wiki mbili bila kuingia baharini watoto wake wanakula nini? Familia ichange.

Mwambieni mapema pia kwamba upandikizaji unaweza usishike, au mgonjwa akapata maambukizi akafariki hata kama seli zimeshika, na ikitokea hivyo haitakuwa kwa sababu seli zake zilikuwa mbaya. Hii aambiwe na baba na mama wa mgonjwa wote wawili, kabla, sio baada. Namba ya simu ya wodi aliyotolewa abaki nayo, mana atafuatiliwa kwa muda, na akienda Bombo au zahanati yoyote ile kwa tatizo lolote mwaka ule aanze kwa kusema alitoa uloto mwezi gani na kwa njia ipi.